Kwa Ochieng, Ambaye Seva Zimemnyima Nafasi ya Kujenga

Kwako Ochieng, mtoto aliyenifanya niitwe mama,

Tangu mwezi huu uanze nimekutumia ujumbe mara kumi na moja na wewe umenijibu mara mbili. Jibu la kwanza lilikuwa "Sawa mama." La pili, "Niko kwa apdeti, nitakupigia." Hujanipigia. Kwa hivyo leo nimekaa mlangoni pa jiko, nimechukua lile daftari ambalo mdogo wako Omondi huandikia vipimo vya mbao, na ninakuandikia kwa mkono wangu. Nikimaliza, Boke, mchumba wa Omondi, ataichapa kwa simu yake aiweke pale mtandaoni watu wa kwetu wote husoma, kuanzia hapa Lambwe mpaka Migori, na hata kwao Kehancha. Nimetaka iwe barua ya wazi. Ya siri ungesema hukuiona. Hii, hata usipoisoma wewe, kuna mtu huko Nairobi atakuuliza, "Ochieng, kwani huyu si ni wewe?"

Wacha kwanza nikusifu, usije ukasema mama alikuja moja kwa moja na fimbo.

Unajua mimi sina shule nyingi. Niliishia darasa la saba, na si kwa kukosa akili, kwa sababu siku niliyoacha mwalimu wangu alilia. Lakini kwa mambo ya seva, hapa kwetu hakuna mwanamke anayenikaribia. Wanaume pia siwaoni. Watu huniletea simu zao zikikwama, nami huwauliza lile swali moja ulilonifundisha: "Umeizima ukaiwasha?" Nusu yao hupona hapo hapo na kuniita daktari. Nusu ile nyingine nawaambia shida yao ni kubwa, wamsubiri Ochieng.

Unamjua Min Awuor, huyo mama Awuor jirani yetu, ambaye mwanawe yuko Masara kwa dhahabu. Juzi tulikuwa sokoni, mimi na njugu zangu, yeye na dagaa wake, akaanza yake.

"Wangu anachimba dhahabu."

"Wangu anachunga seva."

"Zinazaa?"

"Hazizai. Lakini zikilala, hospitali nzima inarudi kwa karatasi."

"Na huko kuchunga anafanya nini hasa?"

"Anaziapdeti kila mwezi. Na zile za haraka, saa yoyote wakiitwa."

Akacheka mpaka dagaa wakamwagika. "Kila mwezi! Min Ochieng, basi waliuziwa mbovu. Kitu kizuri hakitengenezwi kila mwezi."

Nikamwangalia. "Min Awuor, nyumba yako unaisiriba mara ngapi?"

"Kila mwisho wa mwezi."

"Kwa sababu ni mbovu?"

Aliinama kuokota dagaa wake, mwanangu. Aliokota mpaka wa mwisho. Wanawake wa upande ule wa nyanya walinipigia makofi. Hayo makofi nimekuwekea, ni yako.

Lakini mimi sikuielewa kazi yako kwa Min Awuor wala kwa kompyuta. Niliielewa kwa baba yako. Unakumbuka mitego? Baba yako na baiskeli yake, vitambaa vya buluu na vyeusi vimefungwa nyuma, na wewe umekaa juu ya vitambaa na chupa ya dawa mapajani. Mlikuwa mnaizunguka mitego yote ya mbung'o kutoka ukingo wa mbuga mpaka barabarani. Kilichopasuka mnashona, kilichofifia mnabadilisha, kilichoisha dawa mnapaka tena. Halafu anakuwekea kidole kwa daftari, wewe unatia alama. Wiki mbili zikiisha, mnaanza upya.

Siku moja ulirudi kutoka shuleni unalia. Watoto walikuwa wamesema baba yako ni fundi wa mapazia ya nyati. Nilitaka kwenda kwa mama zao. Baba yako akanizuia, akakuita.

"Ng'ombe wao wako wapi?"

"Malishoni."

"Wazima?"

"Wazima."

"Basi."

Akaendelea kula ugali wake. Mimi nilikasirika, nikaona hilo si jibu la kumpa mtoto. Lakini wewe ulipangusa machozi na kesho yake ulipanda baiskeli tena. Hakuna mtu hata mmoja hapa Lambwe aliyewahi kuja kumshukuru baba yako kwa mbung'o ambaye hakumuuma.

Kwa hivyo ulipopata kazi huko kwa hiyo kampuni inayotunza rekodi za mahospitali, na ukaja Krismasi ile ya kwanza, tukakaa hapa hapa tukibambua njugu, nilikuuliza, "Sasa unatengeneza nini?" Ukasema, "Mama, sitengenezi. Ninazuia." Nikakuambia, "Ah, kumbe ni mbung'o." Ulicheka sana. Ukaniambia katika miaka minne ya chuo hakuna aliyekueleza vizuri hivyo. Hilo nimelirudia kwa watu mara nyingi, na kila mara naongeza mwaka mmoja wa chuo.

Siku ile ulinifundisha kila kitu. Uliniambia wale waliounda programu hugundua tundu ambalo mwizi anaweza kupitia, wanatoa kiraka, na wewe kazi yako ni kukishona kabla mwizi hajafika. Hapo nilielewa, nimeshona kaptura za shule zako zote. Kiraka hutiwa kabla matako hayajaonekana, baadaye ni aibu tu. Halafu ukaniambia hamshoni seva zote kwa mara moja. Mnaanza na ndogo, zisizo na kazi kubwa, mnaangalia kama zitaumwa.

Nilishtuka. "Mnamjaribu mdogo kwanza? Na mkubwa yuko wapi?"

"Mama, mdogo akianguka hakuna mgonjwa anayeumia."

"Kwetu mkubwa hutangulia."

"Najua mama. Kwetu mkubwa hutangulia. Lakini kuna mahali mnafanana na sisi." Ukaweka njugu tatu kwa mstari. "Apdeti zina mpangilio. Hii ya pili inaihitaji hii ya kwanza. Usipoweka ya kwanza, ya pili inakataa, ya tatu inakataa, zote zinapanga foleni nyuma ya ile moja iliyokwama. Na hakuna njia ya mkato. Ukidanganya mashine kwamba ya kwanza imeingia, itakubali leo na kuanguka kesho."

Kisha ukala zile njugu tatu. Mimi sikuzisahau.

Tangu siku hiyo Jumanne ya pili ya kila mwezi kwangu ni kama sikukuu, kwa sababu ulisema hiyo ndiyo siku viraka hutoka kule kwa wenyewe. Unajua mimi ndiye kiongozi wa kwaya ya akina mama. Jumapili moja mchungaji aliuliza kama kuna mwenye ombi maalum. Nikasimama.

"Tuombee Jumanne ya pili."

"Ya mwezi gani, mama?"

"Ya kila mwezi."

"Kuna nini Jumanne ya pili?"

"Ndipo viraka hutoka, mchungaji. Mtoto wangu akivitia vibaya, seva haziamki."

Mchungaji alifikiria kidogo, akasema, "Bwana anajua," akaingiza kwa maombi. Mpaka leo iko pale, baada ya mvua na kabla ya wajane. Kuna bibi mmoja mzee wa kwaya ambaye haoni vizuri, kila Jumatano inayofuata akinisikia njiani huniuliza, "Viraka vya kijana vimeshika?" Namwambia vimeshika. Sijui kama vimeshika, wewe huniambii, lakini sitaki alale na wasiwasi.

Sasa hiyo ndiyo sifa. Nimemaliza. Vuta kiti.

Hao wengine wanaosoma, wasio wa kwetu, waelewe hivi. Kwetu kijana hujenga nyumba yake ya kwanza ndani ya boma la babake. Ni nyumba ndogo ya udongo, tunaiita simba, lakini bila hiyo wewe bado ni mtoto wa kulala kwa wenyewe. Mdogo hawezi kujenga kabla ya mkubwa. Baba ndiye huchimba shimo la kwanza, na baba akiwa ametangulia kaburini, huchimba ndugu yake. Na nyumba ikianzwa asubuhi, mwenyewe hulala ndani siku hiyo hiyo. Ni hayo tu. Si mengi.

Agosti ya mwaka jana ulikubali kuja. Unakumbuka vile ilikuwa? Akina mama wa kwaya walianza kukanyaga udongo kabla jua halijawa kali, wanaimba. Mabati yalikuja kwa mkokoteni. Omondi alikuwa amekata miti yote na kuipanga kwa urefu, kila mmoja na namba yake, kama vile ni jumba la gavana. Jogoo alikuwa amefungwa mguu na anajua yanayomngoja. Baba yako mdogo Oluoch alikuja na koti, na jembe jipya, akasimama pale mahali, akauliza kama watu wako tayari. Wakasema tayari. Akaliinua jembe.

Ukasema, "Subiri kidogo baba. Simu."

Ukaenda mpaka kule kwa josho la ng'ombe, ukakaa juu ya ukuta wake, ukafungua kompyuta. Tulikuona kutoka mbali, umeinama kama mtu anatoa mwiba. Oluoch alibaki na jembe begani. Dakika kumi. Nusu saa. Akina mama waliimba nyimbo zote, wakaanza za Krismasi. Udongo ukaanza kushika. Uliporudi uso ulikuwa umebadilika, ukasema, "Mama, kuna seva imekataa kuamka baada ya apdeti. Lazima nirudi Nairobi."

Na mimi, Ochieng, unajua nilifanya nini? Nilijivuna! Mbele ya watu wote nilisimama nikasema, "Mnaona? Bila huyu wangu, mahospitali yanazima." Nikakufungia paja la jogoo kwa karatasi. Nikakusindikiza mpaka barabarani nikipunga mkono kama mke wa balozi. Nyuma yangu udongo unakauka, na mimi nimejaa sifa.

Watu walikula wakaondoka. Udongo ule uligeuka jiwe, mpaka leo watoto husimama juu yake wakitaka kuchuma mapera. Mabati yako nyuma ya jiko, kuna kuku ametagia chini yake mara mbili.

Disemba nikakuambia njoo. Ukaniambia Disemba apdeti haziruhusiwi, ni mwezi wa kutogusa kitu chochote, kwa hivyo lazima ukae huko uangalie kwamba hakuna mtu anayegusa. Nikakubali. Nilienda kuwaeleza watu vile vile, na hakuna hata mmoja aliyeelewa, nami nikawaambia ni kwa sababu hawajasoma. Pasaka nikakuambia njoo. Ukasema seva za zamani zimezeeka, wenyewe wamekataa kuzitolea viraka tena, mnahamia mpya, na kuhama si kazi ya kumwachia mtu. Nikakubali pia. Kila ulichoniambia nilikibeba kwa kichwa mpaka sokoni nikakitetea.

Lakini huyu Omondi. Mdogo wako ni fundi wa mbao Migori, na si kwa sababu nimemzaa, mapaa yake yanaonekana ukiwa mbali. Amepaulia walimu, amepaulia wenye maduka, mwezi uliopita amepaulia hata mwanafunzi wake mwenyewe. Yeye analala chumba cha kupanga chenye paa linalovuja, na mwenye nyumba hataki liguswe. Nilimuuliza kama hakasiriki. Akasema, "Mama, kaka ni kaka." Hivyo tu, na msumari mdomoni.

Na Boke. Unamfahamu Boke, ulimsalimia mara moja, mwalimu wa watoto wadogo Kehancha, Mkuria mwenye maneno ya moja kwa moja. Mimi mwanzoni nilikuwa na wasiwasi, sasa ninampenda kuliko nyinyi wawili. Alimpeleka Omondi kwa babake ili mambo ya ndoa yaongelewe. Mzee akauliza, "Kijana, nyumba iko wapi?"

Omondi akasema, "Iko nyuma ya ya kaka."

"Na ya kaka iko wapi?"

"Iko nyuma ya seva."

Mzee aligeuka akamuuliza bintiye kama huyu mtu ni mzima. Boke ndiye alinisimulia, na alicheka mpaka machozi, lakini alipomaliza kucheka machozi hayakuisha. Akaniambia, "Mama, wenzangu wamepanga foleni nyuma ya wake wenza. Mimi nimepanga nyuma ya kompyuta. Nitasemaje kwetu?" Babake amesema atasubiri mpaka tumbaku ivunwe. Baada ya hapo ana rafiki yake ambaye pia ana kijana, na kijana huyo ana nyumba.

Mimi na baba yako mdogo tuliketi juu ya jambo hilo. Oluoch ni mtu wa njia za mkato. Akasema, "Min Ochieng, tusimamishe miti minne, tuweke bati mbili juu na shati lake ndani. Tuseme amejenga. Omondi aendelee."

Nikamwambia hapana.

"Watu wengi wamefanya hivyo."

"Huwezi kudanganya kwamba ya kwanza imeingia. Itakubali leo na kuanguka kesho."

"Nani alisema hivyo?"

"Ochieng."

Alikuna kichwa. "Huyo huyo?"

Huyo huyo. Nilikutetea mpaka kwa hilo. Halafu siku ya pili nikaamua kutumia akili. Pale ukutani uliniachia karatasi yenye namba ya mkubwa wako wa kazi, Madam Nduku, ukasema ni ya dharura tu. Nikajiuliza, kama hii si dharura, dharura iko wapi? Nikavaa kitenge cha kanisani, kwa sababu siwezi kumpigia mkubwa nikiwa na kanga ya jikoni, nikapiga.

Nilianza kwa kujitambulisha. Nilimweleza kwamba mimi ndiye niliyekuzaa, nikamwambia uzito uliozaliwa nao, nikamwambia kwamba ulitembea ukiwa na miezi tisa na kwamba ukiwa darasa la nne ulifungua redio ya mwalimu mkuu ukairudisha ikashika hata stesheni za Tanzania. Alisikiliza yote. Ana adabu sana yule mama. Halafu nikamwambia, "Madam, sina lawama. Najua bila Ochieng hamuwezi. Naomba tu siku mbili. Hizo seva zishikwe na mtu mwingine siku mbili, mtoto ajenge."

Nikaitazama simu. Nikafikiri bando limeisha.

"Mama," akasema, "Ochieng ana siku thelathini na nane za likizo hajachukua. Kila mwezi namwambia aende nyumbani. Anasema nyumbani hakuna shida."

"Na seva?"

"Kuna vijana wawili hapa, yeye mwenyewe amewafundisha. Wanatia apdeti zote bila yeye. Amewafundisha vizuri mno."

"Lakini Agosti ile mlimpigia. Seva ilikataa kuamka."

"Mama, Agosti hatukumpigia. Yeye ndiye alitupigia. Aliuliza kama kuna seva yoyote yenye shida. Tukamwambia zote ziko sawa. Akasema atakuja kuangalia."

Nilimshukuru. Nikavua kitenge, nikakikunja. Siku mbili, mwanangu, nilikuwa na hasira ambayo hata njugu ziliungua. Min Awuor alinisalimia sokoni nikamjibu vizuri, akajua kuna kitu kibaya. Nilikuwa nafikiria vile nilisimama mbele ya kwaya nikajivuna kwa seva iliyokuwa nzima. Nilipanga maneno ya kukuandikia. Yale maneno Boke alikataa kuyachapa.

Siku ya tatu nilienda pale mahali. Si kwa sababu yoyote, nilikuwa natafuta kuku. Nikasimama, na ndipo nikakumbuka jambo ambalo nadhani wewe hujawahi kulisahau. Mshahara wako wa kwanza ulipokuja, kabla baba yako hajaanza kuumwa, mlitoka nje mkiwa wawili. Mimi nilikuwa naanua nguo, nikawaona. Alitembea mbele, wewe nyuma, kama zamani kwa mitego. Akasimama pale, akakanyaga chini na kisigino. "Hapa," akasema. "Mlango utazame kule barabarani. Nikirudi jioni nikuone kabla hujaniona." Ukaweka kisigino chako mahali pake. Mlicheka kwa sababu mguu wako ulikuwa umemzidi.

Huu ni mwaka wa tatu tangu atutoke. Na siku ile Agosti ulimwona mtu mwingine ameinua jembe mahali pa kisigino chake. Ni hivyo, Ochieng? Sikuulizi ili unijibu kwa ujumbe. Nadhani ni hivyo. Kama sivyo, utaniambia, lakini mimi ninakujua, wewe ukiumia hutafuta kitu cha kutengeneza.

Basi nami nikuambie langu, kwa kuwa nimekufichua mbele ya watu. Simu ya baba yako iko kabatini, imefungwa kwa leso. Kila Jumapili naichaji. Na kila nikiiwasha inaniletea maneno, kwamba kuna sasisho, niweke sasa au baadaye. Mimi, mama wa mchunga seva, niliyewafundisha Lambwe nzima kutia viraka, miaka mitatu nimekuwa nikibonyeza "Baadaye". Ndani yake kuna sauti moja tu aliyonirekodia mimi akasahau kuituma, anasema, "Min Ochieng, usisahau chumvi ya ng'ombe." Si kitu. Ni chumvi. Lakini niliogopa ikiapdetiwa itaamka bila hiyo.

Juma lililopita nilimpelekea Omondi. Nilimwambia akopi kwanza, vile wewe husema, nakala kabla ya yote. Akaweka ile sauti mahali pawili. Ndipo nikabonyeza. Ikazima. Ochieng, sasa ndio najua kazi yako ni nini. Ule weusi wa kioo! Omondi aliendelea kupiga randa, mimi nimekaa juu ya mbao nimeshika simu kwa mikono miwili, nimetoka jasho mpaka kitambaa cha kichwa. Nilimwomba Mungu, nikakumbuka si Jumanne ya pili, nikaomba tu hivyo hivyo. Halafu ikatoa mwanga. Nikatafuta. Baba yako akasema, "Usisahau chumvi ya ng'ombe." Nikapita dukani nikanunua chumvi, kwa sababu kweli ilikuwa imeisha.

Sasa nimeongea na baba yako mdogo. Nilimweleza yote, na Oluoch, ambaye unamwona ni mtu wa mzaha, hakufanya mzaha. Akasema yeye hatainua jembe tena mpaka wewe umwekee mkononi. Ukitaka kusimama naye pale kwanza, saa moja, saa tatu, mtasimama. Akina mama wamesema udongo utakanyagwa polepole. Ukitaka kulia utalia, kuna majani ya kuchoma na moshi utakuwa mwingi, kila mtu atakuwa analia.

Kujenga ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Wewe ukijenga, Jumamosi inayofuata ni Omondi, miti yake amekata tangu zamani na tumbaku ya Kehancha bado iko shambani. Lakini kama huwezi bado, niambie, "Mama, siwezi bado." Hayo maneno matatu nitayabeba, na nitaenda mwenyewe kwa babake Boke kuyasema. Usiniletee seva.

Na ili usipate taabu ya kuitafuta hiyo seva, jana nilimpigia tena Madam Nduku. Siku hizi tunapigiana. Aliuliza udongo unakanyagwaje, nikamwambia hauelezeki kwa simu, aje aone. Amekubali. Atafika Ijumaa na atalala kwangu. Kwa hivyo Jumamosi, Oluoch akiwa amesimama na wewe useme kazini wameita, aliyekuita atakuwa Madam Nduku mwenyewe, ameingia udongo mpaka magoti na kitenge changu, kati ya Boke na mimi.

Kula vizuri huko. Ukija, panda gari la asubuhi.

Mama yako anayekusubiri na ambaye bado anakusifu,
Min Ochieng na Omondi